Gesi ya Bolivia na pwani iliyopotea

Kila tarehe 23 Machi Bolivia huadhimisha Siku ya Bahari, na wanamaji wake hupita kwa gwaride, ilhali nchi hiyo haina hata hatua moja ya pwani na maji yao makubwa ni ya Ziwa Titicaca. Nilipoziona picha za gwaride hilo kwa mara ya kwanza nilicheka, lakini nilipozisoma habari za gesi ya nchi hiyo kicheko kikaniisha.

Pwani hiyo ilitwaliwa na Chile katika vita vilivyoanza mwaka 1879. Ndiyo maana mwaka 2003, ilipojulikana kwamba serikali ya Rais Gonzalo Sánchez de Lozada ilikuwa na mpango wa kuipitisha gesi ya Tarija, mkoa wa kusini mwa Bolivia, katika bandari ya Chile, ikasindikwe kuwa kimiminika na kusafirishwa kwa meli hadi Amerika ya Kaskazini, hesabu za wataalamu, walioiona njia hiyo kuwa fupi na nafuu kuliko ya Peru, hazikusikilizwa na mtu. Wakazi wa El Alto, mji unaopakana na La Paz, walizifunga barabara kwa mawe, mitaro na hata mabehewa ya treni, mji wa La Paz ukaishiwa mafuta, zaidi ya watu 60 wakauawa, na tarehe 17 Oktoba rais akajiuzulu. Watu hao walikuwa na hasira pia juu ya kampuni za kigeni na mgawo mdogo wa mapato. Hata hivyo, siamini kwamba moto ungewaka vile kama bandari isingekuwa ya Chile.

Mrithi wake, Carlos Mesa, aliiuzia Argentina gesi mwaka 2004 kwa sharti kwamba isivuke kwenda Chile. Chile, ambayo mwaka huohuo ilianza kupunguziwa gesi na Argentina, ilijenga vituo vya kupokea gesi ya meli kutoka mbali, na kimoja, kilichoanza kazi mwaka 2010, kiko Mejillones, mji uliokuwa wa Bolivia kabla ya vita.

Asiye na bandari huuza kwa bomba, na bomba huwafunga wote wawili, muuzaji na mnunuzi. Mwaka 2006 Evo Morales, rais mpya wa Bolivia, alipowatuma askari kwenye visima na kutaka mapato makubwa zaidi, Brazil ililalamika lakini ikakubali, kwa kuwa viwanda vya São Paulo vilikuwa vikilitegemea bomba la zaidi ya kilomita 3,000 lililofunguliwa mwaka 1999. Nguvu hiyo ilidumu kadiri visima vilivyodumu. Utafutaji wa gesi mpya ulizorota, uzalishaji ukashuka, na Argentina, iliyokwisha kuyafikia mawe ya Vaca Muerta, yenye gesi nyingi ndani ya nchi yake yenyewe, iliacha kununua mwaka 2024.

Tangu Aprili 2025, gesi ya Argentina imeanza kupita katika mabomba ya Bolivia, safari hii ikielekea kaskazini, hadi Brazil, na Bolivia hulipwa ada ya njia.