Nakusubiri, mjomba

Maneno mawili tu, na leo ni siku ya nane hayajanitoka.

Ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita, baada ya isha. Nacheza gemu la mpira na mpwa wangu Hamisi, anaongoza 3–0, mimi nahangaika kubadilisha beki. Nabonyeza, beki habadiliki. Nabonyeza tena, wanabadilika wawili kwa mpigo, narudi kwa yule yule wa mwanzo. Mshambuliaji wake kabaki na kipa wangu peke yake. Hakupiga. Akausimamisha mpira pale pale, na bila kunitazama akasema:

"Nakusubiri, mjomba. Panga mabeki wako kwanza."

Nikapanga. Akafunga.

Angenicheka ningejua la kumjibu, maana sisi tumechekana kwenye hizi pedi tangu alipohamia kwetu. Hakucheka. Alisema kwa upole, kama mtu anayeshuka na mzee kwenye pantoni, akajifanya anafunga kamba za viatu ili mzee asione kuwa anasubiriwa. Nina miaka arobaini na nne.

Wiki yenyewe haikuwa na nafasi ya mambo haya: Jumatatu tumemzika babu mdogo wa Mama Asha kule Mkuranga, majina ya kidato cha tano yametoka na Hamisi kapangiwa Songea, PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kama alivyoomba, na meli yenye magari ya wateja wangu imekaa nje siku nne haijaingia gatini. Yote nimeyapitia. Lakini kila nikibaki peke yangu kwenye foleni ya Kurasini nasikia: nakusubiri.

Jumapili usiku nilingoja wote walale. Nikaegemeza simu kwenye birika juu ya kigoda, nikaweka video ya taratibu, ile inayochukua picha 240 kwa sekunde, nikahakikisha kidole changu na TV vyote vinaonekana. Nikabonyeza kitufe cha shuti. Kisha nikakaa kuhesabu picha moja moja, kila moja ikiwa ni kama milisekunde nne. Tangu kidole kushuka hadi mchezaji kuanza kunyanyua mguu, picha 43. Nikarudia: 41. Nikarudia tena: 44. Hiyo ni kama milisekunde 180, karibu moja ya tano ya sekunde. Kwenye mpira, hapo mtu keshakupita.

Si kosa la TV peke yake. Gemu lenyewe lina muda wake wa kufikiri, na pedi isiyo na waya nayo ina wake. Lakini ile inchi 32 yetu tuliinunua kwa ajili ya king'amuzi. Kila picha inayopokea inaisafisha kwanza, inaikoleza rangi, inailainisha mwendo, ndipo inaionyesha. Kwa tamthilia ya Mama Asha hakuna anayegundua, kwa sababu na sauti inacheleweshwa ili zifike pamoja. Mwenye pedi mkononi ndiye anayeumia. Nilizima kila kilichozimika kwenye menyu yake, nikapunguza picha tatu tu. Hali ya gemu, ile inayoruka usafishaji huo ili picha itoke haraka, haina kabisa.

Nilitaka kumwamsha Hamisi saa saba ile nimwonyeshe. Kilichonizuia ni jibu alilowahi kunipa mwezi wa Ramadhani, nilipoilalamikia TV hiyo hiyo: "Mbona na mimi naangalia hiyo hiyo, mjomba?" Ni kweli. TV ni moja, ucheleweshaji ni mmoja kwa wote wawili. Nikalala na hesabu zangu, sijui zimenitetea au zimenishitaki.

Jumatano nilikwenda Kariakoo kutafuta TV nyingine, na ile mashine yetu ya gemu, PS5 ya shemeji wa Muscat, mgongoni, nimeizungushia kitenge. Duka la kwanza hawakutaka hata kuichomeka. La pili, Mtaa wa Aggrey, kijana akakubali. Kwenye boksi la inchi 55 palikuwa na 120 kubwa, rangi ya dhahabu. Nikamwomba anionyeshe Hz za paneli yenyewe, yaani inabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde. Kwa uungwana wake akaligeuza boksi, akaweka kidole kwenye maandishi madogo: 60. Ile namba kubwa ni jina walilolipa zoezi la kulainisha mwendo, yaani kitu kile kile nilichokuwa nakikimbia. TV yenye Hz 120 za kweli, yenye tundu la HDMI 2.1 la kupitisha picha kali za 4K kwa kasi hiyo, alikuwa nayo moja, na bei yake ilikaribia mara mbili.

Nilisimama mbele ya hizo mbili muda mrefu. Mwenye kucheza gemu za mbio au za kufyatuliana risasi, zile zinazokubali picha 120, na ana uwezo, aichukue ile ya bei. Kila picha inakaa milisekunde 8 badala ya 17, na jicho linaona tofauti. Lakini mpira wetu unakwenda picha 60 kwa sekunde, basi. Nilichohitaji ni TV isiyozubaa. Nikachomeka PS, nikawasha hali ya gemu, nikabonyeza. Nikaizima, nikabonyeza. Nikamwomba kijana anishikie simu anirekodi. Picha 24 ikiwa imewashwa, 39 ikiwa imezimwa. Nikalipa milioni moja na laki tatu, zile za tangi la maji, na Mama Asha analijua hilo, tumeshalizungumza.

Tulivuka nayo kwenye pantoni ndani ya bajaji, boksi limesimama wima. Nilimkatalia kabisa dereva kulilaza. Paneli ya ukubwa ule ikilazwa inaweza kubonyea katikati, na njia ya kwetu mnaijua.

Fundi alitaka kuitundika juu ya mlango wa koridoni, ndivyo watu wanavyoweka. Nikamwambia aishushe mpaka nikikaa kwenye kochi macho yangu yafike katikati ya kioo. Nilitumia waya wa HDMI uliokuja na PS, ule wa king'amuzi nikauacha ulipo. PS5 inaweza kuiamuru TV iingie yenyewe kwenye hali ya gemu. Yetu haikuitika, nikaiweka kwa mkono kwenye tundu la PS tu. TV inakumbuka kila tundu kivyake, kwa hiyo king'amuzi kimebaki na rangi zake kali anazozipenda Mama Asha. Halafu ule mpangilio wa HDR, yaani wa mwanga na giza vya picha, PS inakuletea alama ya jua kwenye mwanga mara mbili na kwenye giza mara moja, unasogeza mpaka jua liwe linakaribia kupotea. Nilishusha mapazia nikafanya taratibu. Asha akauliza kama naswali.

Alhamisi usiku tukacheza. Nilibonyeza, beki akabadilika. Jamani! Alibadilika pale pale, kama mlango unaofunguliwa na mtu aliyekuwa amesimama nyuma yake. Hamisi akapiga nje. Akapiga nje tena. Vidole vyake vilikuwa vimezoea kuwahi. Anacheza kila siku, ameshaisoma ile TV ya zamani mpaka anabonyeza kabla ya wakati ili shuti litoke kwa wakati. Mimi nacheza mara moja kwa wiki, sikuwahi kuisoma. Kumbe lile swali lake la Ramadhani jibu lake lilikuwa hili. Nilishinda 2–1, na bao la pili nililifunga nikiwa nimesimama.

Akaweka pedi mapajani. "Kumbe siku zote ulikuwa unabonyeza sawasawa, mjomba."

Sijasikia neno tamu kama hilo mwaka huu. Ningeishia hapo na shajara hii ingekuwa ya furaha tupu. Lakini nikamuuliza:

"Kwani umekuwa ukinisubiri tangu lini?"

Akafikiri. Hamisi hajui kudanganya, hilo karithi kwa dada yangu. "Tangu mwaka jana, mjomba. Kabla ya mtihani wa moko."

"Na siku ya Idi?"

Hakujibu. Alianza kuviringisha waya wa pedi, na pedi ilikuwa bado inachaji.

Ile 4–3 ya Idi niliwaandikia hapa, aya nne nzima, mkanipongeza. Niliposhinda aliniinulia mkono mbele ya wageni kama mwamuzi wa ndondi. Najaribu kukumbuka dakika ya mwisho ya mechi ile, kama kipa wake alisogea mwenyewe au alisogezwa, na siwezi kuona. Mtoto wa miaka kumi na saba amekaa mwaka mzima akinipunguzia mwendo kwenye nyumba yangu, mtihani wa kidato cha nne unamkabili, na hakuwahi kunikosea heshima hata kwa jicho. Mimi nilikuwa naihesabia TV picha.

Jumamosi ijayo alfajiri nampeleka Stendi ya Magufuli. Ameomba asichukue pedi yake. Anasema iwe na chaji.

Asubuhi hii Mama Asha ameniletea chai barazani, nikadhani amekosea akaweka chumvi. Amenitazama tu. Ni kisima. Mwaka jana kilianza kubadilika mwezi wa tisa, mvua zikiwa zimesahaulika. Sasa hivi ndiyo kwanza mwezi wa saba unaingia.