Baba na mashine ya kupandia

Mwaka 2022 baba alikuja kunitembelea Delaware, Marekani, kutoka Shinyanga, na Jumamosi moja nikampeleka Hagley, makumbusho yaliyo kando ya mto Brandywine, mahali ambapo zamani ukoo wa du Pont walikuwa wakitengeneza baruti. Baruti haikuwa shida yangu. Nilitaka aone modeli za hataza, yaani hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya uvumbuzi wake. Hadi mwaka 1880 mvumbuzi wa Marekani alitakiwa kupeleka serikalini mfano mdogo wa mashine yake, usiozidi inchi 12 kila upande. Mashine ya kukokotwa na farasi wawili, fundi aipunguze mpaka ikae juu ya meza ya mkaguzi ambaye labda hajawahi kushika mpini wa jembe!

Baba alisimama mbele ya kabati la zana za kilimo, mikono nyuma. Kulikuwa na mashine ya kupandia, ya mbao rangi ya asali, haizidi urefu wa kiatu chake. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, hakuyahitaji. Aliinama akafuata kwa kidole: gurudumu linazunguka, linasukuma kijibao chenye tundu chini ya kisanduku cha mbegu, tundu likifika juu ya bomba, mbegu inadondoka.

"Hapa kwenye kijibao, mwanangu," akasema, "ndipo ulipokuwa wewe."

Nikiwa na miaka minane nilikuwa nafuata plau yake na bakuli la mahindi, mbegu mbili kila hatua. Ng'ombe hawamsubiri mtoto. Nikiachwa nyuma nilimwaga konzi nzima, na mahindi yakishaota yalinisema mbele ya kijiji kizima.

Hapo ndipo nikamweleza habari za Henry Blair, mkulima Mweusi wa Maryland, hapo jirani tu. Mwaka 1834 alipata hataza ya mashine ya kupandia mahindi, na 1836 ya kupandia pamba. Hakujua kuandika, akatia sahihi ya alama ya X.

Baba, ambaye mpaka leo anatia dole gumba, akageuka kunitazama. "Ya kwake iko wapi?"

Iliniuma kumjibu. Desemba 1836 Ofisi ya Hataza iliteketea kule Washington, na modeli kama 7,000 zikaishia motoni. Mashine ya Blair nilimsimulia tu kwa mdomo: umbo la toroli, kisanduku cha mbegu, na reki nyuma za kufukia.

Hakusema kitu mpaka tulipotoka nje. Kwenye njia ya kuelekea garini akakunja ngumi mbili mbele yake, akaanza kutembea polepole, akisukuma.

"Mbegu inaanguka mbele ya reki?"

"Mbele, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kusukuma.