Bado mabati manne

Mwaka 2018 meli yetu ilipofunga Beira, bandari ya Msumbiji, kuli mmoja alinisikia nikiongea kwa simu na mama watoto akanijia anacheka. Mtu wa kisiwa cha Ibo, lugha yake Kimwani, na Kimwani hakiko mbali na hiki chetu cha Mombasa. Jioni akanichukua kwake mtaa wa Munhava: vyumba viwili vya matofali, bati juu, mkeka uani, samaki wa kuchoma. Tangu siku hiyo ni ndugu yangu.

Usiku wa tarehe 14 Machi 2019, Kimbunga Idai kikapiga Beira kwa upepo wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Mito ya Buzi na Pungwe ikafurika, barabara kuu ya N6 ikakatika, mji ukabaki kama kisiwa. Msumbiji peke yake walikufa watu zaidi ya 600. Mimi nilikuwa nyumbani Likoni, nampigia, hapatikani. Siku ya tisa ndipo akapokea. Sikuweza kusema kitu, nililia tu.

Nilirudi Beira Novemba mwaka ule ule. Bandarini makontena yanapakuliwa kama kawaida, na ungebaki pale ungedhani mambo yamekwisha. Munhava nilikuta turubai chumba kimoja, na chumba cha pili mabati ya kuokota, yamegongwa kwa nyundo mpaka yakanyooka. Kila tundu la msumari wa zamani lilikuwa limezibwa kwa kipande cha ndala kilichopakwa lami. Juu, magunia ya mchanga yamepangwa ili upepo usinyanyue. Nikamuuliza kama hayo ni mabati yake.

“Haya sijui ya nani, kaka. Yangu huenda yako juu ya nyumba ya mwingine.”

Akaanza kununua bati moja moja, kila akipata shifti nzuri. Desemba 2020 kikapita Kimbunga Chalane, na Januari 2021 kikaja Eloise, karibu na Beira vile vile. Mabati sita mapya yakaondoka. Hapa ndipo panaponiuma. Tunasema mji “unapona” kana kwamba ni kidonda kinachoachwa kikauke, kumbe mtu wa kibarua hulimbikiza miezi kumi na tano, na usiku mmoja unamrudisha alipoanzia.

Nilipomwona tena 2022 alikuwa amebadili ujenzi. Kenchi amezifunga kwa mikanda ya chuma iliyoshuka mpaka ndani ya ukuta, na badala ya misumari ametumia skrubu zenye mpira chini ya kichwa. Alinipandisha ngazi nizishike kwa mkono wangu. Nilivuta kwa nguvu zote, haikutikisika hata moja. Lakini maji ndiyo bado. Mto Chiveve, unaokatiza mjini, ulifukuliwa na kuwekewa malango mdomoni kabla ya Idai, ili bahari ikijaa isiingie. Kwao, anasema, mvua ikinyesha bahari ikiwa imejaa, maji yanakaa uani siku mbili tatu.

Huku kwetu tumezoea kusema vimbunga si vyetu. Ni kweli tuko karibu na ikweta, na karibu na ikweta upepo haupati mzunguko wa kutosha kujisokota. Lakini Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, Tanzania, na Mafia si mbali. Ile wiki nilipanda juu ya paa langu mwenyewe nikahesabu misumari iliyolegea: kumi na saba. Nikanunua skrubu na mikanda ya chuma, nikafunga kama nilivyoona Munhava. Jirani akaniuliza nimepata wapi ujuzi huo, nikamwambia kwa kuli mmoja wa Beira.

Jana usiku nilimpigia. Chumba cha kwanza kimekamilika, watoto wamehamia humo. Cha pili bado mabati manne. Nimemtumia pesa za mawili. Amekataa kwanza, kisha akaniuliza ni lini meli inashuka huko.