Namba za 1 peke yake: 23 imepita, niko kwa 37

Kwa wenye wanaingia sasa: natafuta vigawo tasa (tasa ni namba isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe) vya namba zenye kuandikwa na 1 tupu, 11, 111, 1111, nazitaja kwa urefu wake, yaani 111 ni urefu 3. Niko Kadutu, Bukavu, nafanyia kwa telefone yenye Python (lugha ya kuandika programu) pamoja na kaye moja ya karo, yaani daftari. Urefu kama 6 haunisumbui juu unavunjika wenyewe (11 inaigawa, 111 pia), shida ni urefu tasa: 7, 11, 13, 17, na kuendelea.

Kitu kimoja ndicho kinabeba mradi wote. Gawa 1 kwa 41, unapata 0.02439 02439 02439, inajirudia kila tarakimu 5, na kweli 11111 ni 41 × 271. Kigawo cha urefu 5 lazima kijirudie kila 5, na hiyo inakilazimisha kiwe 10 (5 mara mbili) mara kitu fulani, jumlisha 1. Kwa urefu 17 basi najaribu 35, 69, 103, naruka 34 kila mara, zingine zote naziacha bila hata kuziangalia.

Urefu 17 ulinipotezea siku nzima. Programu ikanipa kigawo, nikazidisha kwa kaye, haikurudi kwa 1 1 1. Kumbe nilikuwa nagawa kwa desimali, na desimali za mashine zinashika namba nzima vizuri mpaka 9007199254740992 tu, kwa hiyo urefu 16 ulipita bila shida na 17 ukavuka mpaka. Nikabadilisha niangalie baki peke yake, na kwa jaribio la 60,933 ikatoka: 2071723 × 5363222357. Hii nilizidisha kwa mkono mara mbili, ni yenyewe.

19 majaribio milioni 27 na kitu, hakuna kigawo, ni tasa.

Sasa 23. Hapa ingekuwa majaribio zaidi ya bilioni 2, telefone yangu ingechemka masaa mawili na zaidi, na umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, chaji kidogo. Mdogo wangu akaangalia kaye akaniuliza, kaka, ukitoa 1 inabaki nini? Inabaki moja 22 na sifuri mwishoni, yaani 10 mara urefu 22! Na urefu 22 nilikuwa nimeshaumaliza zamani: 11 mara mbili, 23, 4093, 8779, 21649, 513239. Kuna njia iliyotokana na kazi ya Lucas, mwanahisabati wa Ufaransa, ya mwaka 1876: ukijua vigawo vyote vya namba N toa 1, unaweza kuthibitisha N ni tasa bila kutafuta kigawo chake hata kimoja: unachukua namba ndogo, unaipandisha kwa kipeo N toa 1, ukigawa kwa N baki lazima iwe 1, halafu unagawa kile kipeo kwa kila kigawo tasa kwa zamu na hapo baki isiwe 1. Vigawo viko 8 ukiweka 2 na 5. Nikajaribu namba ndogo moja moja mpaka vyote vikapita, ni sekunde tu, chaji haikushuka. Ni tasa, na kazi ya wiki zilizopita ndiyo ilifungua mlango, nilifurahi sana usiku ule.

29 nilifikiri itakuwa ngumu kuliko zote, ikaanguka haraka: 3191, 16763, 43037, 62003, zote kabla ya jaribio la 1,100, na inabaki 77843839397 ambayo ni tasa. Urefu hausemi ugumu kabisa.

31 ni 2791 × 6943319 × 57336415063790604359, ile ya mwisho nimeikagua mpaka mzizi wake wa mraba (ukifika hapo bila kigawo, ni tasa), majaribio milioni 122.

37 imeanza leo asubuhi. Kigawo cha kwanza kilitoka kwa jaribio la 27,407: 2028119. Cha pili 247629013. Inabaki namba ya tarakimu 22, inataka majaribio kama milioni 635, nimeiacha inatembea chini ya dirisha telefone ipate hewa.