"The" na vijana wa Amboni

Jioni hizi nakaa na vijana wawili wa mtaani kwetu hapa Tanga, wanataka kutembeza wageni mapango ya Amboni. Kiingereza wanacho, tena cha kutamba. Kinachowatoa jasho ni kale kaneno "the".

Sisi tukitaka kutaja pango tunalolijua sote tunasema "lile pango", yamekwisha. Mwingereza anakachomeka hadi kwenye majina: mto Pangani unapewa, Bahari ya Hindi inapewa, milima ya Usambara inapewa kwa kuwa ni safu. Kilimanjaro sasa, hakuna! Ziwa Victoria nalo patupu.

"Kaka, na ukubwa wote ule?" mmoja akang'aka.

Ndiyo, mdogo wangu. Mlima mmoja au ziwa moja kwa kawaida havipewi, hata viwe vikubwa vipi. (Mimi mwenyewe naona ni uonevu.)

Kwenye matamshi ndiko walikonifurahisha. "The ocean" inasikika "dhi", kwa sababu neno linaloifuata linaanza na sauti ya irabu. "The university" je? Mwenzake akadaka: hiyo inaanza na "yu", kwa hiyo "dhi" haikai. Sikio hilo!

Kesho tunaingia "a" na "an". Tuombeeni.