Tafakari ya wiki: Ninyi wenyewe mnajua

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimewawaza sana vijana wetu wanaomaliza sekondari, magrupu yao yamejaa picha za zamani, ile ya siku ya kwanza sare inawapwaya na macho yamejaa woga, alafu ya juzi wamekumbatiana mpaka hujui mkono upi ni wa nani, na kila mtu anaandika nitawamisi sana. Nikajikuta nafungua Matendo 20:17-38, ukipata nafasi soma yote.

Pale mtume Paulo anaagana na wazee wa kanisa la Efeso. Alikuwa anawahi Pentekoste Yerusalemu kwahiyo hakupita kwao, akatuma waitwe wamkute Mileto na kweli wakaja, safari ya zaidi ya siku moja kwa miguu ili wamuage tu mtu wao. Alikuwa nao miaka mitatu (mst. 31). Sasa sikia anavyoanza, "Ninyi wenyewe mnajua". Hawatajii miujiza, na Efeso ilitokea mikubwa, hadi leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona (Mdo 19:12). Anawakumbusha alivyoishi katikati yao, machozi yake, kwamba hakutamani fedha wala dhahabu wala mavazi ya mtu, na kwamba mikono hii, nadhani aliinyosha waione, ilimtafutia mahitaji yake na ya waliokuwa pamoja naye.

Hapo ndo paliponigusa jamani. Cheti kitasema ulipata nini kwenye hesabu, ila ulikuwaje kwa mwenzako wa dawati moja hakitasema, hilo wanalijua waliokaa na wewe. Wanajua nani alimwandikia notsi yule aliyekuwa amelazwa, tena kwa mwandiko mzuri kuliko wa daftari lake mwenyewe. Wanajua nani alimsubiri mwenye kigugumizi amalize sentensi yake bila kumdakia, huku darasa linacheka. Na waliocheka pia wanajulikana. Kwahiyo wanangu mnapokaa kukumbushana stori za miaka hii, mkishamaliza za walimu na za adhabu, ulizaneni na hili, tuliishije sisi kwa sisi? Mwambie mtu wema aliokufanyia, wengi hawajui kabisa kama uliuona.

Alafu kuna wale mlioanza nao na hawapo kwenye picha ya mwisho. Aliyekosa ada akaacha kimya kimya, aliyepata mimba, aliyefiwa akabaki nyumbani kulea wadogo zake, na pengine yupo mliyemzika. Msiwaruke. Aliye hai mpigieni simu, aiskie sauti ya darasa zima inamsalimia, maana na yeye ana miaka yake humo ndani hata kama jina lake halitaitwa siku ya mahafali.

Na wengine mnamaliza hamsalimiani, najua. Paulo na Barnaba, mwenzake wa safari za kuhubiri, walishindana vikali mpaka wakatengana, na sababu ilikuwa Marko, kijana aliyewaacha njiani Pamfilia akarudi Yerusalemu (Mdo 13:13, 15:37-39). Paulo alishamuona hafai kwenda nao. Lakini nenda 2 Timotheo 4:11, Paulo yuko kifungoni, Dema mwenzake wa kazi amemwacha, waliobaki naye ni Luka peke yake, na anaomba aletewe nani? Marko huyo huyo, anasema anamfaa kwa utumishi. Yaani hata aliyekuangusha mkiwa kidato cha mwanzo, Mungu hajamaliza naye, usimfungie faili. Kama unaweza kumtafuta kabla hamjatawanyika mtafute, na kama moyo bado mgumu basi hata namba yake usiifute.

Turudi Matendo 20, mstari wa 36 na 37 inasema Paulo alipiga magoti akaomba pamoja nao wote, alafu wakalia sana, wakamwangukia shingoni wakambusu. Ni watu wazima hao, wazee wa kanisa, kwahiyo vijana wa kiume msijibane, lieni tu. Siku ya mwisho tafuteni hata dakika kumi nyuma ya madarasa, mshikane mikono muombe, anayetaka kuja aje. Na sisi wazazi na walezi tuliobaki nyumbani, wiki hii tuwaombee kila mmoja kwa jina lake, na wale ambao hawakumaliza tuwataje pia.