Mtu wa baiskeli hayumo kwenye hati

Kesho kesi yangu inatajwa mara ya tatu. Shati nimeshalipiga pasi, limetundikwa nyuma ya mlango, na kila nikiinua macho naliona limesimama pale kama mtu aliyekuja kudai.

Hati ya mashtaka ina mistari minne. Nimeisoma mpaka nimeihifadhi kama juzuu: jina langu, umri wangu, mkaazi wa Bububu, kazi dereva, kwamba majira ya saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, huko Tunguu, bila ya halali, niliendesha chombo cha moto hali nimelewa. Basi. Mtu akiisoma atadhani nilikuwa nayumba kama jahazi la matanga mabovu. Na mimi nilikuwa nimelala, nimeamka, nimenawa uso.

Ilikuwa hivi. Nilipeleka wageni Paje, huku kwetu Unguja, kwenye muziki wa ufukweni, makubaliano niwasubiri niwarudishe mjini. Kule nyuma ya baa madereva tuna kibaraza chetu. Kuna wanaokunywa soda mpaka asubuhi, na kuna sisi wengine. Nilikunywa nne, za nusu lita. Ya mwisho niliimaliza saa saba unusu za usiku, ndipo wageni wakanipigia kuwa wamepata chumba hukohuko, niende zangu. Nikajiona mtu wa busara: sikuwasha gari. Nililaza kiti, nikafungua kioo kidogo, nikalala mpaka adhana ya alfajiri.

Hapo ndipo nilipokosea hesabu, na nimekuja kuielewa baada ya kukamatwa, tena kwa kusoma usiku usingizi ulipokataa. Chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia tano ina takriban gramu 20 za kilevi chenyewe. Ini la mtu mzima linaondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, halina haraka, na kahawa hailisukumi, wala maji baridi. Nne ni gramu 80. Mimi nililala kwa muda wa saa tatu na nusu. Hata ukinihesabia kwa huruma, na za mwanzo ukasema zilishaanza kushuka kabla sijalala, niliamka na chupa mbili bado zinanizunguka mwilini. Afande aliponiuliza nimekunywa ngapi nikamwambia, "Mbili tu, tena jana." Nilikuwa namdanganya, kumbe namwambia kweli.

Na karafuu. Wallahi hii naiandika kwa aibu. Nilikuwa na karafuu kwenye droo ya gari, nikazitafuna tatu nzima mpaka ulimi ukafa ganzi. Trafiki akainamia dirisha, akavuta pumzi, akanambia taratibu, "Yakhe, mtu hatafuni karafuu saa hizi ila meno yanamuuma au anaficha kitu. Meno yanakuuma?" Nikasema hapana. Sijui kwa nini nilisema hapana. Akaleta kidude cha kupimia pumzi, nikapuliza, akakitazama, hakunambia chochote, akaniomba funguo.

Dhamana ilinitoa siku hiyohiyo jioni, lakini kabla ya dhamana kuna barua ya sheha, mkuu wa mtaa. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyekubali kunidhamini: mtumishi wa serikali, mtu wa msikitini, hajawahi hata kuvuta sigara. Alikwenda kwa sheha na kitambulisho chake cha Mzanzibari mkaazi mkononi. Sheha akamuuliza kesi ya nini. Akajibu, ya barabarani. Barabarani vipi? Shemeji kanyamaza. Sheha naye mtu mzima, akamtazama kidogo, akaandika "kesi ya usalama barabarani", akagonga muhuri. Hadithi hii alinisimulia shemeji mwenyewe ndani ya daladala ya 502 tukirudi nyumbani, kwa sauti ya chini, na baada ya hapo hajaisema tena. Amenisitiri, na sheha amenisitiri, na sitara hiyo inanielemea kuliko lau wangenitukana.

Tajiri, mwenye gari, yeye hakusitiri kitu. Gari ilikaa uwanjani kituoni siku sita, yaani siku sita bila hesabu. "Ungegonga," alinambia, "bima wangenikimbia mchana kweupe." Siku gari ilipotoka alimpa deiwaka, dereva wa kushikizia, na huyo deiwaka sasa ndiye dereva. Simlaumu. Leseni yangu wanayo wao, hata angenirudishia funguo ningefanya nazo nini?

Wakili nimempata kwa kubembeleza, kijana aliyesoma skuli moja na mdogo wangu. Siku ya kwanza nilimwendea na simu yangu, nimeandaa hoja: kiwango cha kilevi kinachoruhusiwa ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, nimekiona mwenyewe. Akacheka. Akanambia hicho ni cha sheria ya Bara. Polisi ni wa Muungano, ndiyo, lakini mahakama hizi ni za Zanzibar, na barabara za huku zina Sheria yake ya Usafiri Barabarani, ya 2003. "Usije ukasimama mbele ya hakimu na mambo ya mtandaoni." Kisha akaanza kuniuliza yeye: ulioneshwa namba? Ulitia saini pahala? Kidude kilikuwa na mdomo mpya au kile alichopuliza mwengine? Kila nilipojibu "sikumbuki" aliandika kwa furaha. Akanieleza kuwa Katiba ya Zanzibar, ile ya 1984, haimhesabu mtu kuwa mkosa mpaka ithibitike, na kuthibitisha ni kazi ya upande wa mashtaka, si yangu. "Ukiulizwa kweli au si kweli, wewe sema si kweli. Wahangaike wao."

Nikasema si kweli. Ilikuwa kazi ya nusu dakika. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani, aliandika bila kuinua kichwa, akataja tarehe nyengine, akaitwa mtu wa baada yangu, kesi ya mbuzi.

Kinachoninyima usingizi hakimo katika ile mistari minne.

Kabla ya Tunguu kuna Jozani, na kabla ya Jozani kuna Kitogani. Wanaoipita njia ile wanaijua ilivyo alfajiri, giza la miti halijaachia, barabara nyeusi, ukungu mwembamba unakuja usawa wa taa. Nilikuwa naendesha vizuri. Nakwambia, nilikuwa nahisi naendesha vizuri kuliko siku zote, mkono mmoja, redio chini. Ghafla mbele yangu pana mzigo wa kuni unatembea peke yake. Sikuona baiskeli. Sikuona mtu. Niliona kuni, nikawa naziangalia, nadhani kwa muda wa mtu kusema bismillahi, nikijiuliza kuni zinakwendaje. Kisha mkono ukakata usukani wenyewe. Kioo cha upande kikapita karibu na sikio lake, na nikasikia "Wee!" moja tu, ya mzee. Kwenye kioo nilimuona ameshuka, mguu mmoja chini, ameshika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili asianguke na mzigo. Kofia ilikuwa barabarani.

Sikusimama. Nilipunguza, nikamuona ameinama kuokota kofia, nikaongeza. Ndipo nikatoa karafuu.

Trafiki hakumuona, shahidi hakuna, wakili sijamwambia. Kwa sheria mtu yule hayupo. Nimeshtakiwa kwa pumzi yangu tu.

Mama alikuja wiki ya pili, alisikia kwa watu, kama kawaida ya mji huu. Nilijitayarisha kwa mawaidha ya saa nzima. Akakaa mkekani, akakataa chai, akaniuliza kitu kimoja tu. "Mwanangu, ulimgonga mtu?" Nikasema, hapana mama. Akasema alhamdulillahi, akafunika uso kwa ukaya, akakaa vile kwa muda. Kisha akaanza kunisimulia habari za kuku wake. Marehemu babu, akichukia mtu, alikuwa akimwambia utaishia Kiinua Miguu, ndivyo walivyoiita jela ya Kilimani zamani. Siku hizi inaitwa Chuo cha Mafunzo, na mama alilitaja jina hilo jipya mara moja tu, anaondoka, anatafuta viatu. "Huko chuoni wanaruhusu kuletewa chakula?" Nikamwambia pengine itakuwa faini, pengine watanifungia leseni, hakimu ndiye ajuaye. Akasema aa, ndiyo, naye ndiye ajuaye.

Juzi nilimuuliza wakili kwa simu, kama vile namuulizia mtu mwengine: mtu aliyekwisha kusema si kweli, anaweza kubadilisha? Kimya kidogo. Akasema anaweza, hata kesho asubuhi anaweza, "lakini aniambie kabla hatujaingia, asinifedheheshe ndani." Kisha akaniuliza, "Pana kitu hujanambia?" Nikamwambia mtandao unakatika.

Tumeahidiana saa mbili na nusu, nje, chini ya mkungu. Shemeji ameshaomba ruhusa kazini, mara ya tatu hii.